Aliens, Pitch Black au Doom: Muvi Ipi ya Madubwana Uiweke Jumamosi Usiku?

Kuna aina ya muvi ambayo Dar es Salaam haijawahi kuichoka. Watu wachache wenye bunduki wametua mahali pasipo pao, mbali na dunia, taa zinazimika, na kitu chenye meno kinaanza kuwapunguza mmoja mmoja. Iwe ni kibanda umiza cha Mbagala, sebule ya Tabata au ukumbi wa sinema wa Mlimani City, kelele ni zile zile: "Geuka nyuma we!" Muvi za namna hii ziko nyingi, na nyingi zinakula muda wako bure. Nimechagua tatu zinazogombea nafasi moja: Aliens ya mwaka 1986, Pitch Black ya 2000 na Doom ya 2005. Zote zinatisha, zote zina risasi, na hadithi zake zinatokea kwenye ardhi nyingine kabisa.

Kipimo changu kikubwa ni kimoja. Sayari yenyewe inafanya kazi gani humo ndani? Kama hadithi ile ile ungeweza kuihamishia kwenye ghala la bandarini bila kupoteza kitu, basi safari nzima ya angani ilikuwa pambo tu. Lakini kama hewa ya kule, jua la kule na umbali wa kule ndivyo vinavyowabana watu kabla hata dubwana halijatokeza, hapo kuna muvi ya kukaa na kutazama. Waigizaji, silaha na damu nitavipima pia, ila hicho kwanza. Na mwisho wa hadithi siumwagi.

Aliens: mahali panapokunyang'anya silaha

Tuanze na kongwe. James Cameron aliitengeneza miaka miwili baada ya The Terminator, ikiwa ni mwendelezo wa Alien ya Ridley Scott ya mwaka 1979. Si lazima uwe umeiona ile ya kwanza. Dakika za mwanzo zinakupa yote unayoyahitaji. Ellen Ripley, anayechezwa na Sigourney Weaver, anaokotwa angani akiwa amelala usingizi wa kugandishwa kwa miaka 57. Anasimulia kilichowaua wenzake, na wakubwa wa kampuni hawamwamini. Kumbe wakati yeye amelala, kampuni ilishapeleka familia zikaishi kule kule alikokutana na dubwana, sehemu inayoitwa LV-426. Kisha mawasiliano na kule yanakatika. Ripley anaombwa arudi, safari hii akiwa na kikosi cha makomandoo.

Kwa hesabu za wanaanga, LV-426 ni mwezi unaozunguka sayari kubwa. Kwa anayetazama, ni nchi ya mawe, upepo na giza, ambako binadamu wamejenga mtambo mkubwa mno wa kutengeneza hewa ya kuvuta. Ushike mtambo huo akilini, maana ndiyo roho ya muvi.

Unaendeshwa kwa nyuklia, na madubwana yamejenga kiota chini yake kabisa. Makomandoo wameshaingia ndani, bunduki mkononi, ndipo Ripley anayewafuatilia kwenye skrini anapong'amua kwamba wakifyatua risasi mahali pale watapasua mfumo wa kupoza na kulipua kila kitu. Kamanda anaamuru magazini zikusanywe zote. Hebu liweke jambo hilo kichwani: askari wenye silaha kali kuliko unazozijua, wamesimama katikati ya kiota, na jengo lenyewe limewakataza kupiga. Tangu niione sehemu ile, kila muvi ya makomandoo naitazama kwa kuuliza kama mwongozaji amefikiria mahali kwa kiwango kile. Wengi hawajafikiria.

Baadaye chombo chao cha kushukia kinaanguka. Wanapiga hesabu: zitapita siku 17 kabla mtu yeyote hajaanza kuhangaika kuwatafuta. Umbali nao umeshaingia kwenye orodha ya maadui.

Anayetaka mapigano kuanzia dakika ya kwanza nimwonye. Aliens inachukua karibu saa nzima kabla madubwana hayajashambulia. Saa hiyo haipotei. Unawajua askari kwa majina, unajua nani mjivuni, nani mwoga anayejificha nyuma ya maneno mengi, na nani mtulivu. Kwa hiyo wanapoanza kwenda, kila mmoja anauma. Bill Paxton, anayemcheza Hudson, anaanza kwa majigambo na kuishia kwenye hofu ya wazi kabisa, na sijaona mtu aliyeigiza woga wa askari vizuri kuliko yeye katika muvi za aina hii.

Kisha kuna Newt, mtoto wa kike aliyesalia peke yake kule, anayechezwa na Carrie Henn. Ripley anamchukua, na kuanzia hapo muvi inabadilika chini ya miguu yako. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Cameron ameijenga nusu nzima ya pili juu ya uchungu huo, na akaweka upande wa pili dubwana ambalo nalo ni mama lenye mayai yake ya kulinda. Malkia huyo alitengenezwa na timu ya Stan Winston kama mdoli wa zaidi ya mita 4, mwenye watu ndani yake na winchi nyuma yake. Hakuna picha ya kompyuta pale. Ndiyo maana hadi leo, zaidi ya miaka 35 baadaye, lina uzito na mate yanaonekana ni mate. Muvi ilichukua tuzo mbili za Oscar, ya madoido ya picha na ya uhariri wa sauti, na Weaver mwenyewe aliteuliwa kuwania ya mwigizaji bora wa kike. Ni heshima ambayo muvi za madubwana hupewa kwa nadra sana.

Upungufu wake ni urefu, na labda namna baadhi ya picha za vyombo vikiruka zinavyoonyesha umri. Basi.

Pitch Black: likishaingia giza

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote tatu, ingawa najua Aliens ni kazi kubwa zaidi.

David Twohy aliipiga Australia, sehemu kubwa ikiwa Coober Pedy, mji wa machimbo ya opali ambako joto ni kali kiasi kwamba wakazi wengi wamechimba nyumba zao chini ya ardhi. Bajeti ilikuwa dola milioni 23, pesa ndogo kwa muvi ya angani ya Marekani. Chombo cha abiria kinaanguka kwenye sayari ya jangwa. Walionusurika ni mchanganyiko: rubani mwanamke, askari na mfungwa wake, mfanyabiashara wa vitu vya kale, wahamiaji wenye ndoto za kuchimba madini, mtoto aliyesafiri peke yake, na imamu aliyeongozana na vijana watatu kwenda hija.

Sayari hiyo ina majua matatu. Mawili yakizama, la tatu linachomoza upande wa pili na kuigeuza dunia nzima kuwa ya buluu. Usiku haupo. Wanazunguka wakitafuta maji, wanakuta kambi ya watafiti wa miamba iliyotelekezwa, nguo zimeachwa kwenye kamba, na ndani kuna kifaa kinachoonyesha mwendo wa sayari na majua yake. Wanakizungusha. Hapo ndipo moyo unaposhuka: kila baada ya miaka 22, majua yote yanapatwa kwa pamoja. Na miaka 22 inatimia sasa hivi. Chini ya ardhi wanaishi viumbe wasioweza kuvumilia mwanga hata kidogo, wenye njaa ya miaka hiyo yote.

Tarehe 1 Septemba 2016 watu walisafiri hadi Rujewa, wilayani Mbarali, kushuhudia jua likipatwa na kubaki pete. Walikwenda na miwani maalumu, wakafurahi, jua likarudi. Twohy amelichukua tukio lile lile la mbinguni na kuondoa kitu kimoja tu, yaani ile hakika kwamba jua linarudi upesi. Hakuongeza uchawi wala teknolojia ya ajabu. Sayari imefanya yote yenyewe.

Kutoka hapo muvi nzima inakuwa hesabu ya mwanga. Wana tochi, wana mirija ya taa inayokula umeme, wana chupa za pombe zinazoweza kugeuzwa kuwa vibatari, na lazima wavute kwa mkono betri nzito za chombo kingine kidogo kupita jangwani hadi kilipo, mwendo mrefu, gizani. Kila aliyewahi kukaa Dar umeme umekatika usiku, akitazama asilimia za chaji ya simu zikishuka huku hajui utarudi saa ngapi, ataielewa hofu hii bila kuelezwa. Humu taa ikizimika anakufa mtu. Kwenye Aliens unahesabu risasi; humu unahesabu mianga, na mwanga hauwezi kuufunga breki.

Kuhusu watu, Twohy anafanya jambo la hatari dakika za mwanzo kabisa. Rubani Carolyn Fry, anayechezwa na Radha Mitchell, anajaribu kuwatupa abiria waliolala ili chombo kiwe chepesi na yeye apone. Anazuiwa. Abiria wakiamka wanamshukuru kwa kuwaokoa, naye anajua alichotaka kufanya. Mzigo huo anaubeba muvi nzima. Upande wa pili yupo Riddick, muuaji aliyefungwa minyororo, mwenye macho yaliyotengenezwa ili yaone gizani lakini yanayoumizwa na mchana. Giza likiingia, mtu waliyemwogopa ndiye pekee anayeona. Vin Diesel alikuwa bado hajawa Vin Diesel. The Fast and the Furious ilitoka mwaka uliofuata, 2001. Hapa anaongea kidogo, anatembea taratibu, na kila akiingia kwenye picha unamtafuta kwa macho usijue kama umwamini.

Imamu naye nampa aya yake. Anachezwa na Keith David, na ni mmoja wa watu wenye heshima zaidi katika muvi hiyo: mwenye subira, anayewachunga vijana wake, Hassan, Suleiman na Ali, na anayemwomba Mungu wake hata mambo yanapoharibika. Muvi ya Marekani ya mwaka 2000 inamweka Mwislamu angani akielekea hija, na kumwacha awe binadamu kamili, si adui wala kichekesho. Katika mji wetu ambamo adhana na kengele za kanisa husikika mtaa mmoja, hilo lina uzito. Ila niwaambie wazazi na wenye imani mapema: Riddick anamjibu imamu kwa maneno makali, kwamba anaamini Mungu yupo ila anamchukia. Wapo watakaokereka, na wana haki ya kujua kabla ya kuiweka mbele ya wazee.

Madubwana yake ni ya kompyuta, na ukiyasimamisha kwenye picha yanaonekana ya zamani. Habari njema ni kwamba muda mwingi huyaoni vizuri. Unasikia mbawa na milio, basi. Urefu ni kama saa moja na dakika 50.

Doom: Oldupai ya Mirihi

Hapa nina kinyongo, na ni kinyongo cha Mtanzania.

Doom ilitokana na mchezo wa kompyuta wa kampuni ya id Software uliotoka mwaka 1993. Kikosi cha makomandoo kinapelekwa sayari ya Mirihi mwaka 2046 kwenda kuona nini kimetokea kwenye kituo cha utafiti. Kituo hicho kinaitwa Olduvai. Ndiyo, Oldupai yetu, korongo lile la Ngorongoro ambako tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus, la zaidi ya miaka milioni 1.7. Fuvu lenyewe liko hapa Dar, Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Waandishi wa muvi walijua wanachokisema: kituo cha Mirihi kinafukua mifupa ya viumbe wa kale waliofanana na sisi, na ndani ya damu yao kuna kromosomu ya 24 iliyoongezwa kwa makusudi. Kuna hata mabaki ya mama aliyekufa akimkinga mtoto wake. Ukiliona hilo unakaa sawa kwenye kiti. Ni nani walimkimbiza mama huyu? Kwa nini waliondoka Mirihi?

Muvi inakujibu kwa sentensi mbili tatu, halafu inakimbilia kwenye korido.

Na korido hizo ndizo karibu kila utakachokiona. Muvi ilipigwa Prague, ndani ya studio, na inaonekana hivyo. Mvutano wa Mirihi ni kama asilimia 38 ya ule wa dunia, hewa yake ni nyembamba mno na karibu yote ni kaboni dioksidi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomsumbua mtu kwa maana ya kubadilisha hadithi. Wanakimbia kwa uzito ule ule wa duniani, na hatari zote ziko ndani ya kuta. Kibaya zaidi ni namna ya kufika: upo mlango wa kale uliogunduliwa jangwani Nevada, unaingia, na papo hapo uko Mirihi. Mlango huo umeua umbali. Ripley alikuwa na siku 17 za kusubiri. Hawa wana sekunde. Hivyo kwa kipimo changu Doom imefeli, na imefeli ikiwa na jina lililopaswa kuiinua.

Jambo jingine. Kwenye mchezo, majitu yanatoka jehanamu. Muvi ikaogopa, ikayageuza kuwa binadamu waliobadilishwa damu. Wapenzi wa mchezo walikasirika, na nadhani walikuwa sahihi. Kwa hadhira iliyokua ikisikia habari za majini na mashetani, mlango wa jehanamu uliofunguliwa Mirihi ungetisha kuliko kromosomu yoyote.

Hata hivyo siitupi. Karl Urban anamcheza John Grimm, aitwaye Reaper, ambaye wazazi wake walikuwa wanaakiolojia na walifia kule kule kazini. Rosamund Pike ni dada yake, mwanasayansi. Anayeongoza kikosi ni The Rock, na asiyeijua muvi hii nisimwambie zaidi ya hilo, isipokuwa asikae akidhani anajua The Rock atacheza nafasi ya namna gani. Halafu kuelekea mwisho kuna kama dakika tano ambapo kamera inakuwa macho ya Reaper, bunduki mbele, korido baada ya korido, kama unacheza mchezo wenyewe. Ukumbi wowote unalipuka hapo. Muvi haikurudisha bajeti yake ya takriban dola milioni 60 kwenye kumbi za sinema, lakini dakika hizo tano wameziiba wengi baadaye.

Nani steringi?

Sisi tulikua na kanuni: steringi hafi, na steringi unamjua mapema. Doom inaichezea kanuni hiyo kidogo, na ndipo inapopata uhai wake. Aliens inaiheshimu kwa njia yake: steringi ni mwanamke asiye askari, ambaye mwanzoni hakuna anayemsikiliza, na anaupata usukani kwa sababu wenye vyeo wamepigwa butwaa. Pitch Black inaivunja vipande. Nusu ya kwanza utabishana na uliokaa nao ni nani steringi, na ukidhani umeshajua, bado hujajua. Kwa ubishi wa sebuleni hakuna inayoifikia.

Utaitazamia wapi, na kwa sauti ya nani?

Hili watu hawalifikirii, na ndilo linaloamua kama muvi itakukaa au la.

Kama unakwenda kuiona ikiwa imetafsiriwa na DJ, chagua Doom. Tangu enzi za Lufufu, mtafsiri muvi maarufu, sanaa ya kutafsiri muvi Dar imekuwa kusimulia, kuongeza chumvi, kuwapa wahusika majina ya mtaani na kuujaza ukimya wote. Doom inakubali hayo kwa mikono miwili. Risasi zinalia, majitu yanakuja, msimuliaji ananogesha. Aliens itaumia. Makomandoo wana kifaa kidogo kinachotoa mlio kila kitu kinaposogea karibu, na mlio ule unavyozidi kwenda kasi ndivyo hofu inavyopanda. DJ akiongea juu yake, umeipoteza nusu ya muvi. Kwenye Pitch Black ukimya ndio unaokuambia dubwana liko wapi. Mtu mwenye sauti nzuri kiasi gani hawezi kuutafsiri ukimya.

Kuhusu kioo: Pitch Black usiitazame mchana kwenye simu, wala kwenye chumba chenye dirisha lisilo na pazia zito. Picha zake za gizani ni za giza kweli, utabaki unajiona uso wako. Ngoja usiku, zima taa zote, ongeza mwangaza wa televisheni kidogo. Kibanda chenye bati lililotoboka kitakuharibia pia hadi jua lizame. Aliens inavumilia zaidi, ila inataka spika. Hata spika mbili za kawaida zilizowekwa kushoto na kulia zitakupa kitu ambacho spika ya laptop haina. Doom inaonekana vile vile popote.

Watoto wasikae kwenye yoyote kati ya hizi. Aliens ina mtoto ndani yake, na ndiyo sababu hasa inawatisha watoto kupita kiasi.

Basi uchague ipi?

Kama unataka moja tu na una saa mbili na ushee za kukaa bila kuinuka, weka Aliens. Ina kila kitu, na mahali pake panafanya kazi, watu wake wanafanya kazi. Kama jioni ni fupi, mko watu wanne watano na mnataka hofu inayowafanya msogeleane, weka Pitch Black. Mimi ndiyo ningeiweka, nyumba yoyote, siku yoyote, kwa sababu ni ya pekee ambayo bila sayari yake haina hadithi kabisa. Ukiliondoa lile kupatwa kwa majua hakuna muvi. Kama mnakula chipsi huku mnapiga soga, wengine wanaingia na kutoka, na hakuna anayetaka kunyamazishwa, Doom haitamuudhi mtu.

Kuna atakayeuliza kuhusu Ghosts of Mars ya John Carpenter, ya mwaka 2001, kwa kuwa nayo ni ya Mirihi na ina Ice Cube na Jason Statham. Ardhi yake nyekundu ni mgodi wa jasi nyeupe huko New Mexico uliopakwa rangi, na unapendeza machoni. Lakini kwa Mirihi ya risasi na kelele, Doom inatosha. Ya Carpenter waachie wanaomfuatilia yeye.

Ukienda kuchukua kwenye flashi Kariakoo, au ukitumia bando lako mwenyewe, taja mwaka pamoja na jina. Ipo Alien ya 1979 isiyo na herufi ya s mwishoni, nayo ni muvi ya ndani ya chombo, ya polepole, bila makomandoo. Ipo Doom: Annihilation ya 2019, ambayo haina The Rock wala Karl Urban. Riddick ana mbili zilizofuata, ya 2004 na ya 2013. Ya 2013 ndiyo iliyo karibu zaidi na hii kwa roho, lakini usianze nayo. Na Aliens yenyewe ina matoleo mawili. La dakika 154 limeongezewa sehemu ambapo Ripley anapewa habari za binti yake aliyekufa akiwa na miaka 66 wakati yeye yuko usingizini, na sehemu hiyo inakueleza kwa nini anamng'ang'ania Newt vile. Lakini pia linakuonyesha familia za LV-426 zikiwa hai kabla makomandoo hawajafika, na hilo linakuondolea ile hofu ya kuingia kwenye majengo matupu bila kujua lolote. Kwa anayeiona mara ya kwanza, aombe ya dakika 137. Ya 154 aitafute mara ya pili.